Muungano, Shirikisho au Mfungamano? Kuhusu Kuyapa Majina Makoloni ya Kubuni Yaliyo Huru

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo: mwandishi au mfasiri wa bunilizi ya Kiswahili ayaiteje makoloni ya kubuni ambayo yamefungana kwa mkataba, lakini kila moja limebaki na mamlaka yake kamili?

Tatizo hili lilinifikia kupitia mswada wa mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili. Alikuwa akiandika riwaya juu ya makoloni matano yaliyojengwa na binadamu katika sayari ya Mirihi. Kila koloni lilikuwa na serikali, jeshi na fedha yake. Jambo pekee lililoyaweka pamoja lilikuwa mkataba wa kulindana na kugawana maji, na kila koloni lilikuwa na haki ya kujitoa. Mwanafunzi huyo aliliita kundi hilo "Muungano wa Makoloni ya Mirihi". Mswada uliposomwa katika semina, msomaji mmoja kutoka Tanzania aliuliza, "Mbona Rais wa Muungano hatajwi?" Mwenzake kutoka Kenya alikuwa ameelewa vingine kabisa: kwake muungano ulikuwa ushirika wa muda wa viongozi watano, na alikuwa akingoja sura ambamo wangegombana na kuachana. Mwandishi hakukusudia lolote kati ya hayo mawili. Kosa halikuwa la wasomaji.

Fasihi ya Kiswahili si ngeni katika kubuni nchi. Shaaban Robert alituonyesha nchi inayoelea hewani katika Kusadikika (1951), na Katama Mkangi akatupeleka Walenisi (1995). Hata hivyo, Kusadikika ni ufalme mmoja, na neno "ufalme" lina mizizi mirefu katika lugha yetu. Ugumu huanza pale mwandishi anapobuni nchi nyingi zenye uhusiano wa kisheria baina yao.

Hoja yetu kuu ni kwamba katika Kiswahili neno kuu la jina la dola, kama vile muungano au shirikisho, halitoshi kumwambia msomaji mamlaka yako kwa nani. Habari hiyo hubebwa na sehemu inayofuata -a unganifu, na hasa na upatanisho wa kisarufi ndani ya sehemu hiyo.

2.0 Mzigo wa Neno "Koloni"

Kabla ya kulijadili jina la kundi, hatuna budi kulitazama jina la mwanachama. Asili ya neno koloni ni Kilatini, ambako lilitokana na kitenzi chenye maana ya kulima. Lilihusu watu waliohamishiwa mahali papya ili kuishi na kulima. Katika Kiswahili maana iliyoshika ni nyingine. Koloni ni nchi inayotawaliwa na nchi ya mbali, na mnyumbuo wake wote unathibitisha hivyo: mkoloni, ukoloni, ukoloni mamboleo. Mkoloni katika Kiswahili ni yule anayetawala. Mkazi wa kawaida wa koloni haitwi hivyo. Kwa hali hiyo, msomaji anayekutana na kirai "makoloni huru" husikia mgongano wa maana ambao haupo katika lugha zilizohifadhi maana ya makazi.

Wayunani wa kale walikuwa na neno mahsusi kwa makazi ya mbali yaliyojitawala, apoikia, yaani nyumba iliyo mbali na nyumbani. Sirakusa, iliyoanzishwa na watu wa Korintho katika karne ya 8 kabla ya Kristo, ilikuwa dola kamili. Kiswahili hakina neno moja la namna hiyo. "Makazi" halibebi dhana ya utawala. "Ulowezi", kutokana na kitenzi -lowea, lingefaa kimofolojia, ila kumbukumbu ya walowezi wa Kenya na Zimbabwe imeliweka upande uleule wa mkoloni.

Inafaa kukumbuka kwamba tofauti baina ya majina haya haikuwa ya wanasarufi tu. Kenya ilitangazwa kuwa koloni mwaka 1920, ilhali ukanda wake wa pwani, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ulibaki kuwa nchi ya himaya. Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia haikuitwa koloni kisheria: iliwekwa chini ya Shirika la Mataifa, kisha kuanzia mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Ni jina hilo lililompa Julius Nyerere nafasi ya kusimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York mwaka 1955 na kudai uhuru. Mwafrika wa Kenya, ambaye dhiki yake haikuwa ndogo kuliko ya jirani yake, hakuwa na mlango huo.

Kutokana na hayo, mwandishi wa bunilizi ana njia mbili. Akitaka msomaji aikumbuke historia ya kutawaliwa, alibakishe neno koloni kwa makusudi; hapo mgongano wa "makoloni huru" utakuwa ndiyo hadithi yenyewe. Akitaka tu makazi ya mbali yanayojitawala, atumie nchi, mji au dola. Historia ya Marekani inaonyesha kwamba hata wahusika wenyewe huligundua jambo hili: waasi wa mwaka 1776 walianza kwa kujiita makoloni yaliyoungana, na Septemba mwaka huohuo bunge lao likaamua kuliondoa neno koloni katika jina la nchi.

3.0 Maneno Makuu: Maumbo na Matumizi

3.1 Muungano

Neno muungano limetokana na kitenzi -unga, kilichonyambuliwa katika kauli ya kutendana kuwa -ungana. Kwa umbo lake, basi, watendaji ni wanachama wenyewe: wao ndio walioungana. Tungetazamia kwamba neno hili lingetaja uhusiano ambamo kila mwanachama ameendelea kuwa mtendaji. Matumizi yamekwenda kwingine. Nchini Tanzania, tangu tarehe 26 Aprili 1964, Muungano ni dola moja yenye kiti kimoja katika Umoja wa Mataifa. Nchini Kenya neno hilohilo hutumika sana kwa vyama vinavyoshirikiana katika uchaguzi, kama ule uliounda serikali mwaka 2002 na ambao ulikuwa umekwisha kuvunjika kabla ya uchaguzi wa mwaka 2007. Neno moja, basi, lina maana mbili zilizo katika ncha mbili za mstari: kilichokazwa kabisa na kilicholegea kabisa.

3.2 Shirikisho

Shirikisho limejengwa juu ya -shiriki, lenye asili ya Kiarabu, kwa kupitia kauli ya kutendesha -shirikisha na kiambishi tamati -o. Kwa kufuata umbo, hapa yupo anayewafanya wengine washiriki. Mamlaka yangeonekana kutoka nje au juu ya wanachama. Hata hivyo, katika siasa za Afrika Mashariki shirikisho hueleweka kuwa limelegea kuliko muungano. Tume ya Nyalali, iliyoundwa Tanzania mwaka 1991, ilipopendekeza muundo wa serikali tatu, neno lililotumika kwa muundo huo lilikuwa shirikisho. Yaani matumizi yameugeuza uhusiano uliodokezwa na mofolojia: neno la kutendana ndilo lililokaza, na neno la kutendesha ndilo lililolegea. Mwanaisimu anayeunda istilahi kwa kutegemea maumbo pekee hana budi kuuzingatia mfano huu.

Tatizo la pili ni kwamba shirikisho halitofautishi dola yenye majimbo na ushirika wa dola huru. Nigeria ni Jamhuri ya Shirikisho. Uswisi huitwa Shirikisho, ingawa tangu katiba yake ya mwaka 1848 ni dola moja inayolishika jina la zamani za mapatano ya majimbo huru. Senegal na Gambia zilianzisha ushirika mwaka 1982 na kuuvunja mwaka 1989, kila moja ikiwa na Rais wake muda wote. Nao pia, kwa Kiswahili, tungeuita shirikisho. Msikilizaji wa habari za michezo hukutana na jambo hili kila wiki: FIFA ni shirikisho na CAF ni shirikisho, ijapokuwa majina yao ya asili yanatumia maneno mawili tofauti.

3.3 Umoja na jumuiya

Umoja ni nomino dhahania kutokana na -moja. Kwa maana ya msingi, ndilo neno linalofuta wanachama kuliko yote, kwani linataja hali ya kuwa kitu kimoja. Ajabu ni kwamba ndilo tulilolitumia kwa mashirika ambamo kila mwanachama ni dola huru: Umoja wa Mataifa (1945) na Umoja wa Nchi Huru za Afrika (1963). Jumuiya, kutoka Kiarabu, lina maana ya mkusanyiko. Hilo limekuwa tulivu zaidi. Jumuiya ya Madola na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mwaka 1967 iliyovunjika mwaka 1977 na hii iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1999, zote ni za nchi zenye mamlaka yao. Udhaifu wa jumuiya ni upana wake: hutumika pia kwa wanafunzi, waumini na wazazi, na hivyo halidokezi ulinzi wa pamoja wala mkataba wa vita.

4.0 Kinachofuata -a Unganifu

Ikiwa maneno makuu yanayumba hivyo, msomaji hupataje maana? Tuchunguze jozi hizi:

(1) a. Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar
    b. Jamhuri ya Muungano wa Tanzania

(2) a. Umoja wa Nchi Huru za Afrika
    b. Umoja wa Afrika

Katika (1a), lililokuwa jina rasmi kuanzia Aprili hadi Oktoba 1964, -a unganifu inatanguliza walioungana. Katika (1b) inatanguliza kilichozaliwa. Kiambishi ni kilekile, lakini kazi yake ya kisemantiki imebadilika kutoka uhusiano wa sehemu na kuwa uhusiano wa utambulisho. Wanachama hawaonekani tena katika kirai. Wamefichwa ndani ya silabi za neno jipya. Mabadiliko ya aina hiyohiyo yametokea katika (2), pale shirika la mwaka 1963 liliporithiwa na lile la mwaka 2002: wingi na sifa ya uhuru viliondoka, likabaki jina la bara. Hatudai kwamba majina haya ndiyo yaliyosababisha siasa, wala si kazi ya makala haya kuamua muundo upi ni bora. Tunachosema ni kwamba sarufi ya jina iliitunza kumbukumbu ya wanachama katika (a), na haikuitunza katika (b).

Hata hivyo, wingi peke yake hautoshi. Umoja wa Falme za Kiarabu, ulioundwa mwaka 1971, unataja wanachama kwa wingi, nao ni falme saba. Lakini mbele ya mataifa mengine ni dola moja. Wingi huonyesha kwamba sehemu zipo. Hauonyeshi kwamba sehemu hizo zimebaki na mamlaka.

5.0 Udhaifu wa "Huru" na Faida ya "-enye"

Njia iliyo wazi ni kuongeza kivumishi huru. Hapa sarufi inatuwekea mtego. Huru, kwa kuwa limetoka Kiarabu, halichukui kiambishi cha upatanisho. Katika "Muungano wa Makoloni Huru", hakuna alama ya kutuambia iwapo kilicho huru ni muungano au ni makoloni. Muungano wote waweza kuwa huru mbele ya Dunia, huku koloni moja moja likiwa mtumwa wa mji mkuu. "Umoja wa Nchi Huru za Afrika" haukuwa na utata huo kwa sababu huru limebanwa katikati ya nchi na za, na za hupatana na nchi. Kwa hiyo, jina lenye huru hukamilika vyema pale linapofuatwa na -a unganifu ya pili: "Muungano wa Makoloni Huru ya Mirihi".

Njia iliyo bora zaidi ni kutumia -enye, ambayo hupokea upatanisho:

(3) a. Muungano wa Makoloni Yenye Mamlaka Kamili
    b. Muungano wa Makoloni Wenye Mamlaka Kamili

Tofauti ni ya sauti moja, ye- na we-, lakini katiba imegeuka juu chini. Katika (3a) mamlaka ni ya makoloni. Katika (3b) ni ya muungano. Ni lugha chache ambazo zingeweza kulisema jambo hili kwa gharama ndogo kiasi hicho. Lugha zisizo na ngeli hulazimika kuongeza maelezo. Sisi tunayo tayari katika kiambishi.

Lakini faida hii hutegemea ngeli za maneno yaliyochaguliwa, na hapa mwandishi anahitaji uangalifu:

(4) Jumuiya ya Makoloni Yenye Mamlaka Kamili

Katika (4) utata umerudi. Jumuiya, lililo katika ngeli ya I-/ZI-, huchukua yenye katika umoja. Makoloni, lililo katika ngeli ya LI-/YA-, pia huchukua yenye katika wingi. Upatanisho haupambanui tena. Hali ni hiyohiyo kwa himaya na jamhuri, na vilevile tukitumia miji badala ya makoloni. Suluhisho ni ama kubadili neno kuu, ama kubadili jina la mwanachama: "Jumuiya ya Nchi Zenye Mamlaka Kamili" halina utata. Kanuni tunayoipendekeza, basi, ni kwamba katika jina la ushirika wa dola huru, neno kuu na jina la wanachama vitoke katika ngeli zenye viambishi tofauti vya upatanisho.

6.0 Mfano kutoka Mombasa

Kabla ya kupendekeza neno kuu, tutaje mfano wa nyumbani ambao haukuhitaji neno kuu lolote. Waswahili wa Mombasa walijipanga katika makundi kumi na mawili yaliyoitwa Thenashara Taifa, yaliyogawanyika kuwa Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Kila upande ulikuwa na kiongozi wake, tamimu. Majina ya baadhi ya makundi hayo, kama Wakilifi, Wamtwapa, Wapate na Wafaza, yanaelekeza kwenye miji mingine ya pwani. Watu walihama, wakakaa pamoja, na wakaendelea kuitwa kwa jina la walikotoka.

Hatudai kwamba taifa katika mfumo huo lilikuwa dola kwa maana ya leo. La kuzingatia ni mbinu ya jina. Halisemi muungano, shirikisho wala umoja. Linahesabu. Kundi linaitwa kwa idadi ya walio ndani yake, na kwa kuwa idadi haiwezi kutajwa bila kukiri kwamba kila kimoja ni kimoja, hakuna anayefichwa. Mwandishi wa riwaya ya Mirihi angeweza kabisa kuandika "Makoloni Matano" na kuwaacha wahusika wake waseme "Matano yamekubali" au "Matano yamegawanyika". Koloni moja likijitoa, jina lenyewe litapasuka, nalo hilo ni jambo ambalo mtunzi yeyote angependa kuwa nalo mkononi.

7.0 Pendekezo: Mfungamano

Kwa muktadha unaohitaji istilahi rasmi, hasa katika tafsiri, tunapendekeza neno mfungamano. Sababu zetu ni tatu.

Kwanza, ni sababu ya kimofolojia. Kitenzi -fungamana ni cha kundi moja na -shikamana na -ambatana. Vitenzi hivi hutaja vitu vinavyoshikana huku kila kimoja kikibaki na umbile lake. Kamba mbili zilizofungamana bado ni kamba mbili, wala mfupa uliounga hauhesabiwi tena kuwa vipande viwili.

Pili, ni sababu ya matumizi, ambayo tumeona ina nguvu kuliko ya umbo. Kiswahili cha kidiplomasia kimekwisha kulitumia shina hili kwa maana tunayoihitaji, ingawa kwa ukanushi: Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote, harakati zilizoanzia mkutano wa Belgrade mwaka 1961. Kama nchi huru yaweza kutofungamana, basi yaweza pia kufungamana, na katika hali zote mbili huwa ni nchi huru. Tunalolifanya ni kuuondoa ukanushi tu.

Tatu, ni sababu ya upatanisho. Mfungamano, likiwa katika ngeli ya U-/I-, huchukua wenye, na hivyo hupambanuka na makoloni, nchi, madola na miji.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba shina -funga linanuka kifungo. Ni kweli; lakini mkataba wa ulinzi ni kifungo cha hiari, na mwandishi anayetaka kuonyesha kwamba baadhi ya makoloni yameanza kuuchoka ataona kwamba neno limemtangulia.

Aina ya serikali ndani ya kila koloni ni suala jingine, nalo lisichanganywe na hili. Jamhuri, ufalme, usultani na utawala wa baraza hujibu swali la nani anatawala ndani; mfungamano, shirikisho na muungano hujibu swali la uhusiano wa wanachama. Koloni la kwanza laweza kuwa jamhuri na la pili usultani, na bado yote mawili yakawa katika mfungamano mmoja.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba majina ya dola katika Kiswahili husomwa kwa ngazi tatu. Neno kuu hutaja namna ya uhusiano, lakini maana yake hubadilika kwa historia na kwa nchi. Wingi baada ya -a unganifu huwaweka wanachama mbele ya macho. Upatanisho wa -enye ndio unaosema mamlaka yako kwa nani. Anayetunga au kufasiri bunilizi ya aina hii atapungukiwa iwapo ataishia ngazi ya kwanza, ambayo ndiyo kamusi za lugha mbili humpa.

Mwanafunzi tuliyemtaja mwanzoni aliurudia mswada wake. Katika nyaraka rasmi ndani ya riwaya ameandika "Mfungamano wa Makoloni Yenye Mamlaka Kamili". Katika midomo ya wahusika, "Matano". Na katika sura ya mwisho, koloni lenye visima vingi kuliko mengine linapotaka kuyatawala yale manne, karani wake anaandika upya mkataba, anabadili yenye kuwa wenye, na kuupeleka ukatiwe saini. Wajumbe wawili kati ya watano hawaoni tofauti.